Gwanda na Leseni: Wasomaji wa Tabora na Kigoma Wauliza Kuhusu Uuguzi Jeshini

Toleo lililopita tuligusia kwamba muuguzi anaweza kupanda jeshini hadi kuwa afisa mwandamizi. Barua zikamiminika, nyingi kutoka Urambo, Nzega, Kasulu na Ujiji. Tumechagua chache, tukazifupisha na kuficha majina. Majibu ni ya jopo letu la wauguzi na watu wa tiba za kijeshi.

Chuo kwanza au jeshi kwanza?

*Shikamooni. Nimemaliza kidato cha nne hapa Urambo. Nina C ya Biolojia, C ya Kiswahili, D ya Kemia na D ya Fizikia. Nataka siku moja niwe muuguzi mkuu wa hospitali ya jeshi. Kaka anasema niende JKT kwanza, jeshi litanisomesha. Mama anasema chuo kwanza. Nimsikilize nani? — Binti wa Urambo*

Marahaba, binti. Msikilize mama.

Jeshi husomesha watu wake, hilo kaka hajakosea. Ila huwasomesha kwa mahitaji yake, si kwa ndoto zao. Ukiingia na cheti cha kidato cha nne pekee unaweza kupangiwa udereva, mawasiliano au kikosi cha miguu, kisha ukasubiri nafasi ya kozi ya uuguzi miaka kadhaa, na isije. Anayeingia tayari ni muuguzi huomba kama mwenye taaluma, na taaluma hiyo ndiyo inayompangia kituo.

Ufaulu wako unatosha kuomba stashahada ya uuguzi na ukunga. Sharti la kawaida ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Kozi ni miaka mitatu, kuanzia ngazi ya 4 hadi ya 6. Wengi huishia ngazi ya 5, yaani astashahada, kwa sababu ya ada. Ukiweza kuvumilia mwaka mmoja zaidi, vumilia. Mwenye astashahada anafanya kazi wodini vizuri tu, lakini kila mlango wa uongozi utakaougonga baadaye utaulizwa stashahada au shahada, na kurudi chuoni ukiwa na zamu za usiku na mtoto mgongoni ni kazi nyingine kabisa.

Karibu yako kuna vyuo vya Nkinga wilayani Igunga na Ndala wilayani Nzega. Ukivuka kwenda Kigoma kuna Kabanga, Kasulu. Kabla hujalipa hata shilingi ya fomu, fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, wa mwaka huo uhakikishe chuo kimo, kozi imo, na sifa zako zinatosha. Ukimaliza, kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, ndipo upate leseni. Cheti cha chuo bila leseni hakikuruhusu kumchoma mgonjwa sindano, uwe raia au askari.

Sasa hesabu ya umri, maana hapa ndipo vijana wengi hukwama. Matangazo ya JWTZ ya miaka ya karibuni yameweka ukomo wa miaka 24 kwa wa kidato cha nne na cha sita, 26 kwa stashahada na 27 kwa shahada. Madaktari bingwa wamewekewa 35. Ukianza chuo na miaka 18 unamaliza na 21, unapata leseni, na bado una miaka minne au mitano ya kuomba. Anayepitia kidato cha sita kisha shahada ya miaka minne na mwaka mmoja wa mazoezi kazini hufika 25 au 26. Akikosa tangazo moja, lijalo linaweza kumkuta amepita. Kwa hiyo shahada kabla ya jeshi ni njia nzuri kwa aliyeanza shule mapema, si kwa aliyerudia madarasa.

Kuhusu JKT: soma tangazo neno kwa neno, kwani mara nyingi huuliza cheti cha JKT. Mkoani kwako kuna kikosi cha Msange, na Kigoma kuna Bulombora, Kanembwa na Mtabila. Mafunzo ya kujitolea si ajira, na JKT yenyewe hulisema hilo kila mwaka. Usiuze shamba la tumbaku la baba kwa kudhani umeshaajiriwa.

Jambo la mwisho ni dogo lakini huangusha watu: majina. Cheti cha kuzaliwa kikisema majina mawili, cha kidato cha nne matatu, na NIDA ikabadilisha herufi moja, faili lako linawekwa pembeni. Sahihisha sasa ukiwa nyumbani, si wiki ya maombi.

Ametuomba milioni mbili

*Kuna mtu hapa Ujiji anasema ana ndugu Makao Makuu, na kwa milioni mbili kijana wangu mwenye stashahada ya uuguzi ataingia bila usaili. Anadai nusu kwanza. — Mzazi, Ujiji*

Mzee wetu, huyo ni tapeli. Nafasi za jeshi haziuzwi, na hakuna anayeingia bila usaili na kupimwa afya. Usimpe hata nauli. Tunza jumbe zake, usizifute, kisha piga TAKUKURU kwa namba 113, bure, au nenda polisi. Kijana aendelee kutunza leseni yake na kusubiri tangazo.

Marekani muuguzi ni afisa, mbona kwetu ni koplo?

*Nimesoma kwamba Marekani kila muuguzi wa jeshi ni afisa. Jirani yetu ana stashahada, yuko jeshini, na bado ni koplo. Je, anadharauliwa? Na mwanaume anaweza kufika juu katika uuguzi wa jeshi? — Kijana wa Kaliua*

Hadharauliwi. Ni mifumo miwili tofauti.

Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilianzisha kikosi cha wauguzi mwaka 1901, lakini wauguzi hao hawakuwa na vyeo. Mwaka 1920 walipewa vyeo nusunusu: alama ya cheo begani, mshahara na mamlaka pungufu. Vyeo kamili vya kudumu vilikuja kwa sheria ya mwaka 1947. Wanaume waliruhusiwa kuwa maafisa wauguzi mwaka 1955 tu. Juni 1970 Anna Mae Hays, mkuu wa kikosi hicho, akawa mwanamke wa kwanza wa jeshi la Marekani kufikia ujenerali. Kwa hiyo hata huko ilichukua karibu miaka 70 kutoka kuajiriwa hadi nyota ya jenerali. Leo wanaingia kama maafisa kwa sababu wanaingia na shahada. Kazi nyingi ambazo kwetu hufanywa na mwenye stashahada, kwao hufanywa na askari wa tiba wasio maafisa.

Kwetu ngazi ziko mbili. Ya kwanza ni ya askari: koplo usu, koplo, sajenti, sajinitaji, halafu afisa mteule daraja la pili na la kwanza. Ya pili ni ya maafisa: luteni usu, luteni, kapteni, meja, luteni kanali, kanali, na kuendelea hadi majenerali. Kuvuka kutoka ya kwanza kwenda ya pili kunahitaji kuchaguliwa na kupita mafunzo ya uafisa, ambayo makao yake yanayojulikana ni Chuo cha Kijeshi Monduli. Shahada husaidia sana kuchaguliwa, ila haikuvushi yenyewe.

Jirani yako akitaka kupanda ana mambo mawili ya kufanya kwa pamoja, na wengi hufanya moja tu. Kuna kozi za kijeshi za kupandia cheo, ambazo bila hizo hata muuguzi hodari hubaki koplo. Na kuna ngazi ya taaluma: shahada, kisha ubobezi katika chumba cha upasuaji, uangalizi mahututi, usingizi na ganzi, au ukunga. Mwenye kozi za kijeshi bila ubobezi huishia kuongoza gwaride la kikosi cha tiba. Mwenye ubobezi bila kozi za kijeshi huishia kufundisha mabosi wake kila wanapobadilishwa.

Wanaume wapo tele, na hufika juu.

Muuguzi mkuu wa jeshi anafanya nini hasa?

*Mimi ni muuguzi wa zamu Nzega, miaka sita kazini. Nafikiria kuomba jeshini. Nataka kujua kazi ya kiongozi wa wauguzi kule inatofautianaje na ya metroni wetu. — Muuguzi, Nzega*

Nusu ya kazi ni ileile unayoiona kwa metroni wako: watu, dawa, vifaa, usafi, taarifa. Tofauti ni kwamba kiongozi wa jeshini hupangia watu ambao kesho asubuhi wanaweza kuchukuliwa.

Anza na ratiba. Nafasi moja ya muuguzi inayotakiwa saa 24 ina zamu 3 kwa siku, zamu 21 kwa wiki. Muuguzi mmoja hufanya zamu 5. Gawanya: 4.2. Sasa toa likizo ya siku 28, sikukuu, ugonjwa na semina, mtu anabaki na wiki kama 44 za kazi kati ya 52. Zidisha 4.2 kwa 52, gawa kwa 44, unapata karibu 5. Yaani wodi inayotaka wauguzi wawili kila zamu inahitaji wauguzi 10, si 8 kama wengi wanavyodhani. Kambini ongeza wawili zaidi, kwa sababu kuna kozi, mazoezi ya porini, gwaride la kitaifa na safari za ulinzi wa amani. Kiongozi asiyeweka akiba hiyo huishia kuunganisha zamu za usiku, na muuguzi wa zamu mbili mfululizo ndiye anayesoma mililita badala ya miligramu.

Dawa zinazodhibitiwa, kama mofini na pethidini, huhesabiwa kila zamu inapobadilishana, watu wawili, kalamu mbili. Ampuli ya miligramu 10 ikitumika miligramu 6, zile 4 zinamwagwa mbele ya shahidi naye anatia sahihi. Upotevu karibu wote huanzia kwenye hizo nne, kwa kuandika "imemwagwa" baadaye, kwa kumbukumbu, sahihi ya pili ikaja kesho yake. Hospitali ya kiraia hilo litakuletea barua ya onyo. Jeshini linakuwa kosa la kinidhamu lenye mashtaka.

Jokofu la chanjo na oksitosini liwe kati ya nyuzi 2 na 8, lisomwe asubuhi na jioni, liandikwe. Watu huogopa joto la Tabora la mwezi wa kumi, lakini baridi huua chanjo kimyakimya. Chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini B zikiganda zimekwisha, hata zikiyeyuka zikaonekana nzima. Usiziegemeze kwenye ukuta wa barafu. Nafasi tupu zijaze chupa za maji. Umeme ukikatika zitashikilia ubaridi. Na mlango usifunguliwe "kuangalia kama bado ni baridi".

Kuna oksijeni pia. Mtungi mdogo wa gari la wagonjwa wenye lita 680, ukimpa mgonjwa lita 10 kwa dakika, unakwisha kwa dakika 68. Ukiacha robo ya akiba, kama inavyotakiwa, una dakika 51. Kutoka kambi ya upande wa Kasulu hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni hutafika kwa mtungi huo. Kiongozi wa wauguzi ndiye anayetakiwa kuwa amepiga hesabu hiyo kabla dereva hajawasha gari, na kupakia mitungi miwili au mitatu, na ufunguo wake. Ufunguo husahaulika kuliko mtungi.

Mazoezi ya porini ni somo lake. Misitu ya miyombo ya Tabora na Kigoma ina ndorobo na malaria pamoja. Askari akirudi na homa anapimwa kwanza. Kipimo cha haraka cha malaria husomwa ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida dakika 15 hadi 20. Ukikisoma baada ya saa nzima unaweza kuona mstari usiokuwepo. Aina inayotumika zaidi inaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo aliyetibiwa juzi apimwe kwa hadubini. Na homa isiyo malaria kwa mtu aliyetoka pori la ndorobo isiishie kwenye dawa za maumivu: damu iangaliwe kama kuna vimelea vya malale, na ngozi itafutwe kidonda cha alipoumwa. Malale ya upande wetu huenda kasi, wiki hadi miezi michache, si miaka kama yale ya Afrika Magharibi. Ndorobo huvutwa na bluu na nyeusi na hufuata kitu kinachotembea, ndiyo maana huingia kwenye lori. Mahema na taulo za bluu ziachwe kambini.

Jua nalo. Askari aliyechanganyikiwa kwenye matembezi marefu, mwili moto wa nyuzi 40 au zaidi, anapozwa pale pale: nguo zitoke, amwagiwe maji mfululizo, apepewe. Poza kwanza, gari baadaye. Maji ya kunywa kwenye mwendo mzito ni kama lita moja kwa saa. Anayelazimishwa kunywa kupita lita moja na nusu kwa saa anaweza kuanguka kwa upungufu wa chumvi, na atafanana kabisa na aliyepigwa na jua.

Kwa hiyo, ndugu muuguzi, kama unapenda wodi lakini unachukia daftari, baki Nzega. Kama daftari halikutishi, umri ndio kikwazo chako: miaka sita kazini inamaanisha huenda umeshapita ukomo. Soma tangazo kabla ya kuacha kazi.

Sajenti anaweza kumkatalia kanali?

*Mgonjwa ni kanali, muuguzi ni sajenti. Kanali anataka kutoka wodini leo, daktari hajamruhusu. Nani anashinda? — Msomaji, Tabora mjini*

Daktari anashinda, na sajenti ndiye mdomo wake. Ndani ya wodi maelekezo ya tiba hufuata mnyororo wa kitaalamu, na cheo cha mgonjwa hakimo. Muuguzi mwenye busara habishani na kanali kuhusu cheo. Anasimama kwa heshima zote, anasema, "Afande, daktari hajasaini, namwita sasa hivi," anamwita, na anaandika saa. Akiendelea kulazimisha, taarifa inakwenda kwa mkuu wa hospitali, ambaye kwa kawaida ana cheo cha kuzungumza naye. Kosa ni kumwachia aondoke halafu kuandika "ameruhusiwa". Karatasi hiyo itamrudia sajenti, haitamrudia kanali.

Safari za Umoja wa Mataifa

*Kaka yangu ni muuguzi wa jeshi, anatarajia kwenda kulinda amani. Anasema ataenda "levo wani". Hiyo ni nini, na ajiandae vipi? — Kasulu*

Umoja wa Mataifa hupanga vituo vya tiba kwa ngazi. Ngazi ya 1 ni zahanati ya kikosi: madaktari 2, wauguzi na wahudumu wa dharura 6, wasaidizi 3, jumla 11. Inatakiwa iweze kuona wagonjwa 20 wa kutembea kwa siku, kulaza 5 kwa siku mbili, na kuwa na dawa na vifaa vya siku 60. Haina upasuaji. Kutoka hapo timu mbili ndogo huweza kuchomolewa kwenda na doria. Ngazi ya 2 ina upasuaji, mara 3 hadi 4 kwa siku, na vitanda 10 hadi 20. Ngazi ya 3 ni hospitali ya vitanda 50 yenye mabingwa.

Kanuni ya muda ni 10-1-2. Ndani ya dakika 10 damu izuiwe na njia ya hewa iwe wazi. Ndani ya saa 1 majeruhi awe mikononi mwa timu ya tiba ya dharura. Ndani ya saa 2 awe mezani kwa upasuaji. Kwenye ramani inawezekana. Usiku, mvua ikinyesha, helikopta haziruki na barabara zimefungwa, haiwezekani. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, eneo la Beni huko Kongo, ilishambuliwa, Watanzania wasiopungua 14 wakauawa na makumi wakajeruhiwa. Hali za namna hiyo humwachia muuguzi wa ngazi ya 1 majeruhi kwa saa nyingi, si saa moja. Kwa hiyo kaka yako ajifunze kitu ambacho kozi nyingi hukipita haraka: kumtunza majeruhi mzito kwa muda mrefu. Kumgeuza, kumpa joto, kupima mkojo kila saa, kuandika kila dawa na saa yake.

Maandalizi mengine ni mepesi. Chanjo ya homa ya manjano na kadi yake. Chandarua na dawa ya kinga ya malaria, anayoinywa yeye mwenyewe pia, maana watu wa tiba ndio wa kwanza kuacha. Na lugha: Kiswahili chake cha Kigoma kitamfikisha vizuri mashariki mwa Kongo, akipelekwa Jamhuri ya Afrika ya Kati atahitaji Kifaransa cha wodini, angalau maswali ishirini ya kumuuliza mgonjwa.

Kufunga damu kwa torniketi

*Nafundisha skauti hapa Kigoma. Nimeambiwa torniketi, ule mkanda wa kukaza mguu au mkono kuzuia damu, inakata mguu, tusiitumie. Wengine wanasema jeshini ndiyo kitu cha kwanza. Ukweli ni upi? — Mwalimu wa skauti*

Mwalimu, wote wana nusu ya ukweli. Jeshini leo damu inayomwagika kwa kasi hushughulikiwa kabla ya pumzi, kwa sababu mshipa mkubwa wa paja unaweza kumuua mtu kwa dakika chache. Hofu ya kukatwa mguu ilitokana na kamba nyembamba zilizoachwa siku nzima.

Fundisha hivi. Mguu au mkono unaotoa damu kwa kuruka au kujaza nguo: weka torniketi sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande unaoelekea kiwiliwili. Isikae kwenye goti lenyewe wala kwenye kiwiko. Kama iko hapo, panda juu zaidi. Kaza mpaka damu ikome na mapigo ya chini yapotee. Itauma sana, majeruhi atakulilia uilegeze. Usiilegeze. Torniketi iliyokazwa nusunusu ni mbaya kuliko kutokuwepo: inazuia damu isirudi juu huku ikiendelea kushuka, na jeraha linavuja zaidi. Kama moja haitoshi, weka ya pili kando yake. Andika saa, kwa kalamu ya wino mzito, kwenye paji la uso au kwenye torniketi yenyewe.

Ndani ya saa 2 kiungo kwa kawaida kinapona. Ikipita saa 6, asiiondoe mtu yeyote nje ya hospitali. Ile mbinu ya zamani ya kuilegeza kila robo saa "ili mguu upumue" iacheni, inapoteza damu kidogokidogo hadi mtu anazimia.

Bila torniketi ya dukani, tumia kitambaa kilichokunjwa upana wa sentimita 5, fundo, kijiti imara juu ya fundo, zungusha kijiti, kisha kifunge kisirudi. Kamba ya katani na waya wa baiskeli hukata ngozi. Mkanda wa suruali mgumu haukazi vya kutosha. Jeraha la kinenani, kwapani au shingoni halifungiki: jaza kitambaa safi ndani ya shimo hadi mwisho, gandamiza kwa uzito wa mwili dakika 10 bila kuchungulia.

Hospitalini muuguzi huongeza dawa ya traneksamiki, gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kuumia. Baada ya saa 3 haisaidii na inaweza kudhuru, ndiyo maana ile saa uliyoandika kwenye paji la uso ina thamani. Dawa hiyohiyo, kwa kipimo hicho, hupewa mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, jambo la maana kwa hospitali kama ya jeshi ya Milambo pale Tabora, ambako leba inahesabika sawa na chumba cha majeruhi.

Bunduki kwa muuguzi

*Muuguzi wa jeshi anaruhusiwa kubeba silaha vitani? — Kibondo*

Anaruhusiwa silaha nyepesi, kujilinda yeye na wagonjwa wake tu. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inamlinda mtu wa tiba mradi asishiriki kushambulia. Anavaa kitambaa chenye msalaba mwekundu mkono wa kushoto, kimepigwa muhuri wa jeshi lake, na kitambulisho maalumu. Akikamatwa hahesabiwi mfungwa wa vita. Anashikiliwa ili atibu wenzake waliotekwa. Kwa upande wake, lazima amtibu adui kwa uzito wa jeraha, si kwa sare. Akitumia gari la wagonjwa kubebea risasi, amevua ulinzi wa gari hilo na kuhatarisha la kila mwenzake atakayepita njia hiyo.

Nastaafu mwaka kesho

*Mimi ni afisa mteule, muuguzi, Tabora. Nastaafu mwaka kesho nikiwa bado na nguvu. Nitapata kazi uraiani? — Afande, Tabora*

Pole na hongera, afande. Ukomo wa utumishi jeshini hufuata cheo, kwa hiyo wengi hutoka mapema kuliko wenzao wa uraiani, na hilo ni faida kwako. Hospitali za misheni na vyuo vya uuguzi hutafuta watu waliozoea kusimamia zamu na kufundisha kando ya kitanda.

Ila watakuuliza leseni, si cheo. Wauguzi wengi wa jeshi huiacha leseni ilale kwa sababu ndani ya kambi hakuna anayeiuliza kila siku. Ihuishe ukiwa bado kazini, na pointi za mafunzo endelevu zikiwa zimeingizwa. Omba barua ya utumishi inayotaja kazi, si cheo tu: wodi gani, miaka mingapi, uliongoza watu wangapi, upasuaji wa aina gani. "Afisa mteule, kikosi cha tiba" hakimwambii metroni wa Ndala chochote. Kusanya vyeti vya kozi zote, hata ile ya wiki moja ya kuzuia maambukizi, na nakala zake zithibitishwe kabla ya siku ya kurudisha kitambulisho. Ukishakirudisha, kuingia getini kufuata karatasi uliyoisahau kunahitaji barua, na barua hiyo itakaa mezani kwa mtu ambaye hakujui.